Matao ya Mashavu: Mifupa ya Samaki Tunayoitupa Bila Kuitazama

Mnunuzi mzoefu wa samaki, awe sokoni Kyela au Mwanjelwa, hufunua kwanza kifuniko cha shavu. Akikuta wekundu umefifia au umegeuka kahawia, husogea meza ya pili. Wekundu huo ni damu inayopita ndani ya nyuzi laini za kupumulia. Nyuzi hizo zimeshikiliwa na mifupa iliyopinda, ambayo jikoni hung'olewa na kutupwa pamoja na matumbo. Hiyo mifupa, tuiite matao, ndiyo tunayoizungumzia hapa.

Perege, mbasa, kambale na samaki wengi wengine wenye mifupa wana matao matano kila upande wa koo. Kila tao limeundwa na vipande vilivyoungana kwa viungo, kwa hiyo koo huweza kupanuka na kubana maji yanapopita. Matao manne ya mbele hubeba nyuzi upande wa nje. Upande wa ndani yana miiba midogo iliyopangwa kama meno ya kitana, nayo husema mengi kuhusu chakula. Samaki anayekula wenzake huwa na miiba michache, mifupi, iliyoachana. Anayechuja viumbe vidogo vya majini huwa na mirefu iliyosongamana. Mtaalamu akiletewa kichwa kitupu anaweza kukisia kwa uhakika wa kutosha mwenye kichwa alikuwa akila nini.

Lita moja ya maji ina oksijeni pungufu takriban mara thelathini kuliko lita ya hewa. Samaki humudu upungufu huo kwa sababu damu ndani ya nyuzi hutiririka kinyume na mwelekeo wa maji, hivyo kila hatua hukutana na maji yenye oksijeni zaidi yake, na zaidi ya nusu ya iliyomo huweza kuchotwa. Lakini sharti nyuzi zibaki zimetandazwa. Ndiyo maana samaki wengi hufa haraka wakitolewa nje penye oksijeni tele: bila maji nyuzi hushikana, na matao pekee hayawezi kuzitenganisha.

Matao haya ni ya kale mno. Kisukuku, yaani mabaki yaliyogeuka jiwe, cha Metaspriggina, kiumbe wa kale anayefanana na samaki, kutoka Kanada, chenye umri wa takriban miaka milioni 505, kinaonyesha jozi saba za nguzo za mashavu, na jozi ya kwanza ni nene kuliko nyingine. Katika karne ya 19 Mjerumani Carl Gegenbaur alipendekeza kwamba taya zilitokana na tao la mbele. Wazo hilo bado linajadiliwa, lakini taya na matao hukua kutokana na chembe hai (seli) za aina moja katika kiinitete. Hata sisi binadamu huanza na matao kama hayo tukiwa tumboni. Kwetu hugeuka taya, mfupa wa chini ya ulimi, vifupa vya sikio na gegedu za zoloto. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa papa wamehifadhi mpangilio wa asili wa matao. Kisha mwaka 2014 kikaelezwa kisukuku cha Ozarcus, papa wa takriban miaka milioni 325 kutoka Arkansas, Marekani, na matao yake yanafanana zaidi na ya samaki wenye mifupa. Papa wa leo, basi, naye amebadilika sana.

Tao la tano, lisilobeba nyuzi, ndilo linalonivutia zaidi. Mfungue mbasa mdomo: taya hazina hata jino moja, ilhali ni mwindaji. Meno yako kooni, juu ya tao hilo. Kwa samaki wa ukoo wa perege, matao ya tano ya kulia na kushoto yameungana kuwa mfupa mmoja wa pembetatu wenye meno, yaani taya ya pili. Mwaka 1973 mwanasayansi Karel Liem alieleza kuwa taya ya kooni ikishatafuna, ya mbele hubaki huru kukwangua mwani, kufyonza au kukamata. Wengi huona hapo sababu ya Ziwa Nyasa kuwa na mamia ya aina za ukoo huu. Mimi naona ni nusu ya maelezo, kwani ndugu zao wa mitoni wana taya hizohizo na hawakuzaa aina nyingi hivyo.

Samaki mmoja wa ukoo huu ziwani, Trematocranus placodon, huponda konokono kwa mfupa huo. Upande wa Malawi, kusini mwa ziwa, watafiti wamehusisha kupungua kwa samaki wanaokula konokono na kuongezeka kwa kichocho, maana baadhi ya konokono hao hubeba vimelea vyake. Nyavu za macho madogo zinazowazoa samaki hao ufukweni, kwa hiyo, si suala la wavuvi peke yao.

Kambale amekwenda njia nyingine. Juu ya tao la pili na la nne ameotesha viungo vyenye matawi, vilivyojaa damu, vya kuvuta hewa ya kawaida. Ndivyo anavyostahimili madimbwi ya tope Ihefu maji yakikauka kiangazi. Wafugaji wa mabwawa wazingatie tofauti hii: kambale akipanda juu mara kwa mara kuchukua hewa, yuko sawa. Perege wakikusanyika juu alfajiri wakihema, maji yameishiwa oksijeni. Ingiza maji mapya mara moja, na usiwalishe asubuhi hiyo.