Inua Jamii ikikatwa, haipotei elfu mbili tu

“Hizo elfu mbili ni pesa za nini? Hata zikikatwa watajikaza.” Kauli hii kuhusu Inua Jamii, mpango wa serikali ya Kenya wa kuzipa pesa kaya maskini, naisikia kliniki, kwenye matatu, hata kwa wahudumu wa afya wenzangu, na imenichosha. Mara nyingi anayeitoa hajawahi kushinda na mtoto mwenye mtindio wa ubongo (ulemavu wa misuli na mwendo utokanao na ubongo kuathirika) hata siku moja.

Inua Jamii hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya maskini yenye mtu mwenye ulemavu mkali, yaani anayehitaji mlezi saa zote. Mlezi huyo, aghalabu mama, hawezi kwenda kibarua. Kwake hiyo si nyongeza juu ya mshahara, ndiyo pesa pekee anayoitarajia, na mwenye duka humkopesha unga na sabuni akijua italipwa. Malipo yakichelewa miezi kadhaa, kama yalivyowahi kuchelewa, mkopo unasimama. Hapo mama huanza kubana, na cha kwanza kuachwa ni nauli ya kliniki.

Sasa tazama mwilini mwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo anayekosa kliniki. Misuli iliyokaza inaweza kuvuta nyonga, ikaanza kutoka mahali pake pole pole bila dalili ya nje. Kliniki huipima na kuipiga eksirei mapema. Mtoto akipotea mwaka mzima, anaweza kurudi nyonga imeshatoka: mama akijaribu kumtanua miguu ambadilishe nepi, mtoto analia kwa maumivu. Sasa panatakiwa upasuaji mkubwa, na wengi hawaupati. Wengi wa watoto hawa pia wana kifafa, na dawa ikikatizwa ghafla degedege linaweza kurudi kwa nguvu na kuua. Kwa hiyo nisiambiwe kwamba serikali imeokoa pesa. Gharama imehamishiwa mgongoni mwa mama na kwenye wodi ya upasuaji.

“Mashirika ya misaada yataziba pengo.” Mwaka 2025 Marekani ilikata misaada yake ya nje, na miradi mingi ya afya hapa Kenya ikasimama. Shirika nalo lina mfadhili wake.

“Si alishapewa kiti cha magurudumu?” Mtoto hukua! Kiti kilichombana humpinda mgongo na kumtoa vidonda.

“Ana kadi ya ulemavu, basi analipwa, tena halipi kodi.” Kadi ni usajili tu, haileti malipo ya kila mwezi. Msamaha wa kodi nao huombwa KRA, mamlaka ya kukusanya kodi, na unahusu shilingi 150,000 za kwanza za kipato cha mwezi.

Wazazi, ombi langu ni lile lile la siku zote: wekeni daftari. Andika tarehe ya kila malipo. Yakikosekana, nenda na daftari na kitambulisho kwa afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo, usingoje tangazo la redio. Na ukiona dawa za kifafa zinakaribia kwisha na nauli huna, pigia kliniki simu zikiwa bado zimebaki.