Si moto unaolitia chungwa uchungu

Hapa Mtwara ukimwambia mtu unapika machungwa, atakuuliza kama una mafua. Kisha atakuonya: chungwa likiona moto huwa chungu. Alichoonja ni kweli, ila amemlaumu asiyehusika.

Uchungu unatoka kwenye weupe wa ganda, utando na mbegu. Humo mna kitu ambacho mwanzoni hakina uchungu. Kikikutana na asidi ya juisi hugeuka polepole kuwa limonini, nayo ndiyo chungu. Joto huharakisha tu mgeuko huo. Ndiyo maana hata juisi ya baridi, iliyokamuliwa kwa kubinywa sana, ikilala inakukunjisha uso asubuhi.

Basi menya kwa kisu mpaka nyama ya tunda ionekane, usibakize weupe. Kata vipande vya duara, toa mbegu zote. (Ganda la kijani lisikutishe, usiku wetu wa pwani hauna baridi ya kulitia rangi, na ndani linaweza kuwa limeiva vizuri.) Chemsha vijiko viwili vya sukari na robo kikombe cha maji, pamoja na iliki iliyopondwa, hadi ianze kunata kwenye kijiko. Tia machungwa manne, geuza mara moja, epua. Dakika 2 zinatosha. Ukiyasahau yatavurugika, uishie na uji.

Nyunyizia korosho za kukaanga, hata vile vipande vya bei nafuu, ule yakiwa bado yanatoa mvuke.