Fuawe ya kwanza haihitaji pembe

Vijana wanaokuja kujifunza uhunzi wananiuliza swali lile lile: "Fundi, fuawe ya pembe nitaipata wapi kwa bei nafuu?" Fuawe ni kile chuma kizito ambacho mhunzi hufulia juu yake, nao wameshaamini kwamba bila pembe mbele na tundu la mraba nyuma, hiyo si fuawe. Wengine huahirisha kazi mwaka mzima wakidunduliza fedha. Nimechoka kulijibu mmoja mmoja.

Fuawe inadaiwa mambo mawili tu: iwe ngumu kuliko chuma cha moto unachokifua, na iwe na uzito wa kutosha chini ya pigo la nyundo. Basi. Pembe inasaidia kukunja na kurefusha chuma, lakini kukunja unaweza hata juu ya bomba nene. Wahunzi wa Afrika Mashariki walifua majembe na mikuki kwa karne nyingi juu ya mawe magumu na vipande vya chuma visivyo na pembe yoyote.

Anayefuata umbo huishia kununua fuawe mpya iliyopakwa rangi, ya chuma cha kumimina kwenye kalibu. Hapo ndipo hasira inaponipanda. Ina pembe, ina tundu, ina kila kitu isipokuwa ugumu. Uso wake unabonyea kwa nyundo, na kingo zake hukatika vipande vinavyoweza kuruka hadi machoni. Ukiona inauzwa kwa bei rahisi kupita kiasi, nenda na tupa, kile kifaa cha kusugulia chuma, pamoja na gololi ya beringi. Pitisha tupa pembeni mwa uso: ikila kirahisi, ondoka. Kisha dondosha gololi kutoka sentimita 25. Kwenye feleji (steel) iliyotiwa ugumu itaruka hadi sentimita 18 au 20. Kwenye chuma cha kumimina mara nyingi haifiki hata nusu. Muuzaji akikukatalia kupima, ameshakujibu.

Ushauri wangu kwa anayeanza haujabadilika: tafuta kipande cha reli, ukisimamishe wima. Wengi hukilaza kwa sababu kikilala kinafanana na fuawe, na hilo ndilo kosa. Kikilala, shingo yake nyembamba inanesa na kumeza pigo. Kikisimama, uzito wote uko chini ya nyundo. Nusu mita ya reli ya kilo 40 kwa mita ina kilo 20, inatosha kwa visu, ndoano na patasi. Uso ni mdogo, ndiyo, lakini nyundo nayo inagusa sehemu ndogo tu kwa pigo moja. Inunue kwa mwenye leseni ya chuma chakavu na udai risiti. Reli ya wizi ni kesi. Ukikosa reli, kichwa cha nyundo kubwa ya kilo 8, kilichozamishwa kwenye gogo gumu, kinafaa vilevile.

"Fuawe nzuri lazima ilie kama kengele." Hapana. Zipo fuawe bora zenye mwili wa chuma cha kumimina na uso wa feleji ambazo hazilii kabisa. Mlio unasaidia kugundua ufa kwenye fuawe ya feleji tupu, zaidi ya hapo ni kelele za kuumiza masikio. Amini gololi.

"Nikipata kongwe, nitaisawazisha kwa grinda." Usithubutu! Uso mgumu wa fuawe nyingi za zamani ni bamba jembamba lililounganishwa juu ya chuma laini. Ukilisaga, umetupa kile ulichokilipia. Kuchomelea kingo bila ujuzi ni kubaya zaidi, kwa sababu moto unaua ugumu. Kingo zilizoviringika kidogo zinafaa kuliko kali, maana kingo kali hukata chuma unachokifua.

Na namba zilizochongwa ubavuni mwa fuawe kongwe za Uingereza, kama 1 2 14, si kilo. Ya kwanza zidisha kwa ratili 112, ya pili kwa 28, ya tatu ni ratili zenyewe. Jumla 182, yaani kilo 82 na kitu. Fanya hesabu hiyo kabla ya kukubali bei.