Gharama ya kujenga si bei ya nyumba

Muulize mwenye nyumba Dar es Salaam anauza kiasi gani, atakufungulia daftari: saruji, nondo, bati la msauzi, vigae, fundi. Anajumlisha, anaongeza faida, hiyo ndiyo bei. Anayeanza kuwekeza naye huamini hivyo hivyo. Lakini daftari linaonyesha alichotumia muuzaji tu, wala halimfungi mnunuzi.

Mthamini huanza na mauzo: nyumba kama hiyo, mtaa huo, imeuzwa ngapi karibuni. Imeuzwa, si imetangazwa. Bei ya dalali mara nyingi ni ya kufungulia maneno. Kama ni ya kupangisha, anatazama kodi. Tuseme nyumba ya Chanika imekula milioni 120 na kodi yake ni laki 3 kwa mwezi, yaani milioni 3.6 kwa mwaka. Mwekezaji anayetaka kodi ya mwaka iwe asilimia 6 ya bei hapaswi kuvuka milioni 60, na hapo hajatoa ukarabati wala miezi isiyo na mpangaji. Marumaru za bei mbaya hazibadilishi hilo.

Gharama ya ujenzi hutumika pia, hasa kwa majengo yasiyouzwa mara kwa mara kama shule, ila hukatwa uchakavu.

Halafu karatasi. Ardhi yote Tanzania ni ya umma; unachonunua ni haki ya kuitumia, kwa hati ya miaka 33, 66 au 99. Nyumba inayofanana na yenye hati, ila ina barua ya mauziano ya serikali ya mtaa tu, huuzwa chini, kwani benki huogopa kuikopeshea.