Misri, bingwa wa Ulaya

Mashabiki wengi wa mpira wa kikapu huamini kwamba ubingwa wa Ulaya haujawahi kutoka mikononi mwa Wazungu. Si kweli. Mwaka 1949 ulichukuliwa na Misri, tena nyumbani, Cairo.

Haki ya kuandaa ilikuwa ya Wasovieti, mabingwa wa 1947. Walikataa, Chekoslovakia, washindi wa pili, nao wakakataa. Ikaangukia kwa Misri, walioshika nafasi ya tatu. Zilifika timu 7 tu: wenyeji, Ufaransa, Ugiriki, Uturuki, Uholanzi, Syria na Lebanon. Hazikuwa zote za Ulaya, lakini ubingwa ni halali kabisa. Kombe la Afrika la mpira wa kikapu lenyewe halikuwepo bado. Lilianza 1962, Cairo hiyohiyo.