"Mnataka kutunywesha choo": dhana potofu kuhusu majitaka yaliyorejelewa

Taja majitaka yaliyorejelewa, yaani maji machafu yaliyosafishwa hadi yanyweke tena, mbele ya watu ishirini, na wa kwanza kufungua mdomo atasema mnataka kutunywesha choo. Huyo nampa haki yake, kinyaa ni kinyaa. Wa pili atasema yeye anakunywa maji ya mto, au ya ziwa, maji aliyoyaumba Mungu. Huyu wa pili ndiye anayechosha, maana hoja yake hurudiwa hata na madiwani na maofisa wa mamlaka za maji, watu wanaojua fika majitaka ya mji wao yanamwagwa wapi.

"Sisi tunakunywa maji ya mto, si ya choo"

Tufuate maji basi. Majitaka ya Nairobi yanayofika mtambo wa Dandora, kule Ruai, hupita kwenye mabwawa kisha huachiwa yaingie Mto Nairobi. Mto Nairobi unaingia Athi, Athi inashuka ikawa Galana, Galana ikawa Sabaki, nayo Sabaki inaingia baharini kaskazini ya Malindi. Kabla ya kufika huko, visima vya Baricho, vilivyochimbwa kwenye mchanga wa mto huohuo, vinavuta maji yanayopelekwa Malindi, Kilifi na hata Mombasa. Kampala hali ni ya karibu zaidi: mfereji wa Nakivubo unabeba maji machafu ya mji hadi Ghuba ya Murchison katika Ziwa Viktoria, na mitambo ya Gaba inachota maji ya kunywa katika ghuba hiyohiyo.

Sisemi maji ya Baricho ni mabaya. Safari ndefu, jua, mchanga na klorini vinafanya kazi kubwa. Lakini huo ni urejelezaji wa majitaka, uite usiite. Tofauti yake na ule wa mtambo maalumu ni kwamba haukupangwa na hauna msimamizi mmoja, wala hakuna kitu njiani kinachoweza kusema "leo maji haya yasipite". Mto hauna kengele. Kiwanda kikifungulia rangi usiku wa manane, mto unaibeba tu, na anayechota chini atajua atakapoiona.

Anayedhani ziwa ni usalama tosha aangalie Milwaukee, Marekani, mwaka 1993. Maji yalitoka Ziwa Michigan, yakapita kwenye mtambo wa kawaida wenye mchanga na klorini, na bado watu wapatao 400,000 waliugua kuhara. Kimelea kilikuwa kriptosporidiamu, ambacho klorini ya kawaida haikiui. Kizuizi pekee dhidi yake kilikuwa chujio la mchanga, na siku zile chujio hilo lilikuwa linapitisha maji yenye ukungu kuliko desturi. Kizuizi kimoja kilipolegea, nyuma yake hapakuwa na kingine.

Sasa linganisha na Windhoek, Namibia, mji ambao umekuwa ukirudisha majitaka moja kwa moja kwenye mabomba ya kunywa tangu 1968. Mtambo unaotumika sasa, Goreangab Mpya, ulianza 2002 na unaweza kutoa mita za ujazo 21,000 kwa siku. Kazi ya usalama inaanza kabla ya mtambo wenyewe. Maji ya viwandani yametengwa tangu mwanzo, na yanayokuja Goreangab ni ya majumbani, yakiwa yameshasafishwa kwa bakteria katika mtambo wa Gammams. Yakifika yanapigwa ozoni, gesi kali ya jamii ya oksijeni. Kisha yanatiwa kloridi ya chuma ili uchafu ugande kuwa mabonge, na viputo vidogo vya hewa vinayainua mabonge hayo juu yakwanguliwe. Yanafuata machujio ya mchanga, halafu ozoni tena, safari hii ya kuvunja kemikali na kuua vimelea. Baada ya ozoni kuna mkaa amilifu ulioota bakteria, wanaokula vipande vilivyovunjwa na ozoni, kisha mkaa mwingine wa kunasa kilichobaki. Halafu nyuzi za utando zenye vitundu visivyoweza kupitisha bakteria, na mwisho klorini. Magadi makali yanatiwa ili maji yasile mabomba. Hapo tu ndipo yanachanganywa na maji ya mabwawa na ya visima, na sehemu ya maji yaliyorejelewa haitakiwi kuzidi asilimia 35.

Haja ya hatua zote hizo ni kwamba hakuna hata moja inayoaminiwa peke yake. Watu wa fani huhesabu kwa logi: logi 1 ni kuondoa asilimia 90 ya vimelea, logi 2 ni 99, na kila logi inayoongezeka inakata kilichobaki mara kumi. California, kwa maji yanayopitia ardhini kwanza, inadai logi 12 kwa virusi, na 10 kwa giardia (kimelea kingine cha kuhara) na kwa kriptosporidiamu. Kwa maji yanayokwenda moja kwa moja kwenye mfumo wa kunywa, kanuni zilizopitishwa Desemba 2023 zimepanda hadi 20, 14 na 15. Na hata mashine iwe nzuri vipi, hatua moja haipewi zaidi ya logi 6. Mwenye kuuza mashine moja inayodai kumaliza kazi yote amesahau somo la Milwaukee.

Cha muhimu kuliko yote ni siku mambo yanapoharibika, na huharibika. Kosa la kawaida halitokei kwenye mashine za bei mbaya, linatokea nyuma kabisa, kule kwenye majitaka. Bakteria wanaogeuza amonia wakidhoofika, kwa baridi au kwa kukosa hewa baada ya pampu kuzimika, amonia inapita. Kila miligramu 1 ya nitrojeni ya amonia inameza miligramu 8 hadi 10 za klorini kabla klorini huru haijaanza kuonekana. Mwendeshaji asiyejua hili ataona kipimo cha jumla cha klorini kiko sawa na kuridhika, kumbe anasoma kloramini, yaani klorini iliyokwisha kuungana na amonia, ambayo ni dhaifu sana kwa virusi. Ndiyo maana amonia hupimwa mlangoni, muda wote, na ikivuka kiwango mtambo haupokei. Tando nazo hujaribiwa kwa kutiwa hewa yenye shinikizo na kuangalia linashuka kwa kasi gani. Jaribio hilo, linalofanywa kila siku, linafichua tundu la mikromita 3, wakati kriptosporidiamu ana mikromita 4 hadi 6. Kipimo kikitoka nje ya mstari, Goreangab inayazungusha maji ndani bila kuyatoa mjini. Nitajie mto unaofanya hivyo.

"RO inaondoa kila kitu"

Hii wanaipenda wauza maji ya chupa. RO (osmosisi kinyume) ni kuyasukuma maji kwa shinikizo yapenye utando, na utando huo ni kizuizi kizuri mno kwa chumvi, virusi na dawa nyingi tunazomeza na kukojoa. Lakini molekuli ndogo zisizo na chaji hupenya. NDMA, mazao ya klorini na ozoni yanayoshukiwa kuleta saratani, huzuiwa karibu nusu tu. Kwa hiyo kule Orange County, California, baada ya RO maji hutiwa hidrojeni peroksaidi na kupita kwenye mwanga wa urujuanimno (UV). Kuua vimelea vya kawaida kunataka dozi ya mwanga ya takriban milijuli 40 kwa sentimita ya mraba, ilhali kukata NDMA kwa asilimia 90 kunataka karibu 1,000. Ukiambiwa mtambo una taa za urujuanimno, uliza dozi. Asetoni nayo hupenya: mwaka 2013 iliingia kwenye majitaka ya huko, na kilichoifichua ni kipimo cha kaboni kinachosoma bila kukoma baada ya RO. Dawa ya kudumu ya tatizo kama hilo ni mkaguzi anayefunga bomba la kiwanda kinachomwaga.

Tena RO ina mkia. Katika kila lita 100 zinazoingia, 15 hadi 25 hutoka zikiwa maji ya chumvi yaliyokolea. Orange County ina bahari jirani. Windhoek iko juu nchi kavu, haina pa kuyatupa, ndiyo sababu Goreangab imejengwa bila RO.

"Maji ya RO hayana madini, yanaoza mifupa"

Hurudishiwa chokaa kabla ya kutoka, hasa kwa sababu maji matupu yanakula saruji na chuma cha mabomba. Kalsiamu ya mifupa itafute kwenye dagaa na maziwa.

"Nitachemsha, yataisha"

Kuchemsha kunaua vimelea. Hakuondoi madini ya risasi, naitreti wala dawa za kiwandani, na maji yakipungua sufuriani vitu hivyo vinakolea zaidi.

"Basi yawekwe bomba la pili, ya kufulia na chooni tu"

Hii huletwa kama suluhisho la busara, la kumridhisha kila mtu. Kwa kumwagilia viwanja vya gofu na kupoozea mitambo, sawa. Majumbani ni hatari kuliko inavyoonekana, kwa sababu usalama wa mji mzima unakabidhiwa fundi bomba. Leidsche Rijn, mtaa mpya wa Utrecht nchini Uholanzi, ulikuwa na mfumo huo, na bomba la pili lilibeba maji ya mto yaliyosafishwa nusu. Mwaka 2001 mabomba mawili yaliunganishwa kimakosa, watu wakahara na kutapika, na baadaye serikali ikaacha kabisa mpango wa mabomba mawili majumbani. Ukilazimika, bomba la pili liwe la rangi nyingine (Marekani ni zambarau), shinikizo lake liwe chini ya lile la maji ya kunywa, na kila nyumba ijaribiwe kwa kufunga bomba moja na kuona nini kinaacha kutoka. Jaribio hilo ndilo la kwanza kurukwa kazi inapochelewa.

"Ni najisi, hakuna mjadala"

Mjadala upo, na ni wa zamani kuliko mitambo. Mwaka 1978 Baraza la Wanazuoni Wakuu wa Saudi Arabia lilitoa uamuzi kwamba maji machafu yakisafishwa kwa njia za kitaalamu hadi yasibaki na alama ya najisi katika rangi, ladha wala harufu, hurudi kuwa twahara. Baraza hilohilo likasema ni bora yasitumiwe kwa kunywa kadiri inavyowezekana, kwa kuhofia afya na kwa kuwa nafsi za watu huyaonea kinyaa. Anayenukuu nusu ya kwanza tu, au ya pili tu, anawapunja wasikilizaji. Wahandisi wasiingie msikitini na chati za logi. Wawaite mashekhe mtamboni, wawaonyeshe, na waache hukumu ikae kwa wenyewe.

"Wananchi wakielimishwa sayansi watakubali"

Hii ni dhana yetu sisi wa fani. Toowoomba, Australia, haikukosa sayansi. Ilikuwa na ukame, mabwawa yanayokauka, na mpango uliotangazwa 2005 wa kupata karibu robo ya maji kutoka kwenye majitaka yaliyosafishwa. Lakini mpango ulifika kwa watu ukiwa tayari umeiva. Kufikia kura ya maoni ya Julai 2006, wapinzani walikuwa na mwaka mzima wa kuuliza maswali ambayo hayakuwa na majibu mafupi, na karibu asilimia 62 ya waliopiga kura wakasema hapana. Brisbane walijenga kwanza: mfumo mkubwa ukiwa karibu kukamilika, Novemba 2008 serikali ya jimbo lao, Queensland, ikaamua maji yale yasiingie bwawani ila mabwawa yakishuka chini ya asilimia 40. Mvua ikanyesha.

Orange County walianza kuzungumza na watu karibu miaka 10 kabla ya mtambo wao kufunguliwa Januari 2008. Walikwenda kwa madaktari, makanisa, vikundi vya akina mama na wafanyabiashara, wakapeleka watu mtamboni na mwisho wa ziara wakawapa bilauri. Mtambo umepanuliwa mara mbili tangu hapo. Na usiniletee Windhoek kama mfano wa ridhaa: mwaka 1968 nchi ilikuwa chini ya utawala wa Afrika Kusini, na hakuna aliyemuuliza mtu wa Katutura, mtaa wa Waafrika wa mji huo, anataka kunywa nini. Imani ya pale imejengwa na miongo ya maji yasiyowaletea watu ugonjwa, pamoja na uchunguzi wa magonjwa ya kuhara uliofuatilia mji kati ya 1974 na 1983 bila kuona uhusiano na maji hayo.

Kwa hiyo mradi ukiletwa kwenu, achaneni na swali la kama maji ni safi, maana jibu lake ni ndiyo kila siku. Ulizeni maji ya viwanda na ya hospitali yanakwenda wapi, na nani ana mamlaka ya kukifungia kiwanda kinachomwaga. Ulizeni kipimo kibaya kikitokea saa nane usiku kinachukua dakika ngapi kufunga valvu, kama valvu inajifunga yenyewe au inamsubiri meneja aamke, na mtambo ukifungwa siku tatu mtakunywa nini. Ushauri wangu mmoja nisioupunguza: matokeo yabandikwe hadharani kila wiki, pamoja na siku zote mtambo uliposimama na sababu yake. Mkionyeshwa rekodi ya mwaka mzima isiyo na siku hata moja ya kusimama, ombeni kuona kama kengele zimeunganishwa.