Paka kitandani, mbwa kwenye kochi: ipi ni hatari, ipi ni hofu tu?

Wengi huuliza jambo hili kwa sauti ya chini, kana kwamba wanaungama kosa: "Paka wangu analala miguuni pangu, je, nitaugua?" Wengine huuliza kwa hasira, wakitaka mnyama wa mwenzao afukuzwe chumbani leo hii. Maswali yao haya hapa, na majibu yake.

Je, ni vibaya kiafya kulala kitanda kimoja na mbwa au paka?

Kwa mtu mzima mwenye afya njema, na mnyama aliyechanjwa anayepewa dawa za minyoo na viroboto kwa wakati, hatari ipo lakini ni ndogo. Mwaka 2011 wataalamu wawili wa Marekani, Bruno Chomel na Ben Sun, walikusanya taarifa za kitabibu za watu walioambukizwa magonjwa kwa kulala na wanyama wao, kuwabusu au kulambwa nao. Walikuta hata tauni inayoletwa na viroboto, homa ya kukwaruzwa na paka, na maambukizi ya bakteria wa kwenye mate. Visa hivyo ni vya kweli, ila ni vichache.

Naomba ushike jambo moja. Kitanda hakizalishi ugonjwa. Ugonjwa huja na mnyama mwenyewe, kwenye manyoya, kucha, mate na kinyesi, na kitanda huwaweka karibu usiku kucha. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama apande au asipande, jiulize huyu mnyama ana nini mwilini, na anayelala naye ni nani.

Mbona tunaumwa na viroboto wakati paka anaonekana msafi?

Kwa sababu viroboto wengi wa nyumba hawako juu ya paka. Kiroboto jike akishiba damu anaweza kutaga mayai 40 au zaidi kwa siku. Mayai hayo hayanati kwenye manyoya. Yanateleza na kudondoka pale mnyama anapolala au anapojitikisa. Basi ile kona ya kochi anayoipenda paka ndiyo ghala la mayai. Yakianguliwa, funza wake hukimbia mwanga: huingia kwenye mikunjo ya kochi, chini ya godoro, ndani ya nyuzi za zulia. Baadaye hujifunga kwenye kifuko, na humo kiroboto anaweza kungoja kwa miezi mpaka ahisi joto na mtikisiko wa kiumbe anayepita. Ndiyo maana nyumba iliyofungwa muda mrefu inaweza kuwashambulia wenyewe siku ile ile wanaporudi.

Kuna kipimo cha nyumbani ninachokipenda kwa sababu hakidanganyi. Lowanisha karatasi nyeupe ya tishu na uitandaze. Mchane mnyama kwa kitana chenye meno yaliyobanana, hasa shingoni na mgongoni karibu na mkia, kisha kigonge kitana juu ya karatasi. Utaona punje nyeusi kama pilipili manga iliyosagwa. Subiri dakika moja. Zikitoa mduara wa rangi ya kutu, hicho ni kinyesi cha kiroboto, yaani damu ya paka wako iliyosagwa tumboni mwa mdudu. Zikibaki nyeusi, ni uchafu tu wa kawaida.

Ukikuta mduara huo, kumtibu mnyama peke yake hakutoshi. Fua matandiko yake na yako kwa maji ya nyuzi 60, fagia au nyonya vumbi la kochi na zulia mara kwa mara, na uwatibu wanyama wote wa nyumba kwa pamoja, maana mmoja akiachwa atawarudishia wenzake.

Nina dawa ya viroboto ya mbwa. Naweza kumpaka paka kidogo?

Hapana, hata tone moja. Dawa nyingi za mbwa zina permethrini, kemikali ya kuua wadudu, na mwili wa paka hauwezi kuivunja. Hutetemeka, hupata degedege, na wengine hufa. Hata paka anayejilaza ubavuni mwa mbwa aliyepakwa dawa hiyo muda mfupi uliopita yuko hatarini, kwa hiyo watenganishe mpaka dawa ikauke kabisa. Inaniuma kila ninaposikia paka amekufa hivi, kwa sababu aliyempaka alikuwa anajaribu kumsaidia.

Na minyoo, inapita kwenye shuka?

Si kwa njia ambayo wengi wanaifikiria. Mayai ya minyoo ya mviringo ya mbwa na paka yakitoka kwenye kinyesi hayawezi kuambukiza papo hapo. Yanahitaji wiki mbili au zaidi, kwa kawaida kwenye udongo, mpaka yakomae. Hivyo hofu kubwa iwe kwenye mchanga wanamochezea watoto na kwenye mikono isiyonawiwa.

Tegu ni habari nyingine, na hapa tunarudi kwa kiroboto. Mtoto humpata tegu huyo kwa kummeza kiroboto mwenye kimelea, jambo linaloweza kutokea wakicheza na kulala pamoja na mbwa. Ukiona vipande vyeupe kama punje za mchele mkiani mwa mnyama au kwenye shuka alipolala, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Mbwa na paka wakubwa kwa kawaida hupewa dawa ya minyoo kila baada ya miezi 3. Wadogo hupewa mara nyingi zaidi.

Nina mimba. Nimeambiwa nimwondoe paka nyumbani.

Usimwondoe. Kinachoogopwa ni toksoplasmosisi, ugonjwa wa vimelea ambao kweli inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Lakini kimelea chake hutoka kwenye kinyesi cha paka, si kwenye manyoya yake, na hata kikishatoka huhitaji siku 1 hadi 5 kabla ya kuweza kuambukiza. Paka akiambukizwa huvitoa vimelea hivyo kwa wiki chache, kwa kawaida mara moja tu maishani. Sanduku lake la mchanga lisafishwe kila siku, na mtu mwingine. Kama huna wa kukusaidia, vaa glavu kisha unawe kwa sabuni. Nyama uipike iive sawasawa, mboga na matunda uvioshe vizuri, kwa maana wajawazito wengi huambukizwa kupitia chakula na udongo kuliko kupitia paka anayelala pembeni yao.

Mtoto mchanga je?

Hapana. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asilale na mnyama yeyote, hata yule mpole kupita wote. Paka hufuata joto na anaweza kulala karibu na uso wa mtoto asiyeweza kumsogeza. Mlango wa chumba cha mtoto ufungwe.

Mwanangu ana pumu na mzio wa paka. Tukimtoa paka usiku tu inatosha?

Haitoshi. Watu hulaumu manyoya, lakini kinachosumbua zaidi ni protini iliyo kwenye mate na mafuta ya ngozi ya paka. Mtazame paka anapojilamba: ulimi unapita ubavuni, manyoya yanalowa, yanakauka. Yale mate makavu hugeuka chembe ndogo kuliko vumbi unaloliona kwenye mwanga wa dirisha, zikaelea hewani kwa saa nyingi na kuganda kwenye pazia, godoro na makochi. Paka akihama kabisa, chembe zake zinaweza kubaki humo kwa miezi. Sasa akishinda kwenye mto wa mtoto mchana kutwa, kumtoa saa ya kulala kunasaidia nini?

Chumba cha mwenye pumu kiwe mwiko kwa mnyama usiku na mchana. Zungumzeni na daktari wake pia. Pumu ikikataa kutulia, huenda mkalazimika kumtafutia paka makazi mengine, na huo ni uamuzi mzito unaostahili kufanywa kwa upole kwa mtoto na kwa mnyama.

Je, usingizi wangu unaharibika?

Mwaka 2017 watafiti wa Mayo Clinic nchini Marekani walichapisha uchunguzi wa watu wazima 40 waliolala na mbwa wao chumbani kwa usiku 7, mtu na mbwa wote wakiwa wamefungwa vifaa vya kupima mijongeo. Mbwa mmoja akiwa chumbani, watu walilala vizuri tu. Waliolala naye juu ya kitanda, ubora wa usingizi ulishuka. Kwangu mimi hii ndiyo sababu nzuri ya tandiko lake kuwa sakafuni, kando ya kitanda chako: mnasikiana pumzi, na kila mmoja anajigeuza bila kumwamsha mwenzake.

Nina mabaka ya mviringo yanayowasha mkononi. Ametuletea paka?

Huenda. Choa hutokana na fangasi, na paka wadogo huibeba sana, wakati mwingine bila dalili yoyote. Mpaka mtibiwe wote, asipande kitandani wala kwenye kochi, kwani mbegu za fangasi hudumu kwenye vitambaa muda mrefu.

Akinilamba kwenye kidonda, au akiniuma nikimgeukia usingizini?

Osha. Mtu aliyetolewa wengu, anayetumia dawa za saratani au aliyepungukiwa kinga ya mwili asiruhusu kabisa mate ya mnyama yaguse jeraha, na ni bora asilale naye. Ukiumwa, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mbwa ni wako. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili ni nadra sana mtu kupona, ilhali chanjo inayotolewa mapema huzuia.

Nimeamua ashuke kitandani. Nianzie wapi?

Anza na tandiko lake, si na fimbo. Liwekee shuka kuukuu lenye harufu yako, karibu kabisa na kitanda. Akipanda, mshushe bila kelele, umpeleke pale, na akijilaza mpe zawadi ndogo. Fanya hivyo kila mara, usiku wa manane pia. Ukimruhusu siku moja kwa sababu umechoka, amejifunza kwamba kung'ang'ania kunalipa. Akinguruma ukimshusha, usimvute wala usimpige. Mwite ashuke mwenyewe, na siku ifuatayo ongea na daktari wa mifugo, kwa kuwa mbwa anayenguruma akiguswa huenda ana maumivu ya nyonga au mgongo ambayo hamjayaona.